Majani ya Ng'ombe, Maua ya Wageni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Niwie radhi, shajara yangu. Tangu Pasaka sijaandika hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na jambo ambalo ningependa kulisoma baadaye.

Kwa kifupi: nimestaafu ualimu, nina bustani, sina mke. Yaani mke ninaye, Marsela, lakini yuko Qurus kwa binti yetu Eva. Nilifyeka matete aliyoyapanda Marsela kwa ajili ya ng'ombe wake, nikapanda maua. Nilimweleza kwamba watalii wanaokwenda kreta siku hizi hupenda kutembelea bustani za watu binafsi, na sisi tuko kando ya lami. Akauliza kama ng'ombe atakula watalii. Nikamwambia swali hilo halina adabu. Kesho yake aliondoka, na ng'ombe akaondoka naye. Alisema atarudi siku atakapoingia mtu mmoja mwenye akili timamu, kwa hiari yake, kutazama maua yangu.

Hajaingia mtu. Ameingia mbuzi.

Leo nimekwenda kuitembelea bustani ya jirani yangu Inosenti. Aliwahi kuwa dereva wa watalii, kwa hiyo madereva wote wanamjua, na magari yote husimama kwake. Alinizungusha kana kwamba nimeshuka kwenye ndege. Mwalimu, hii ni rozi. Na hii ni rozi. Hii nayo ni rozi, ila mama yao si mmoja. Nilivumilia. Mwishoni akanionyesha banda la nyasi ambamo wageni huketi wakinywa kahawa, mvua inyeshe isinyeshe. Nililitazama banda hilo kwa muda mrefu.

Aliniuliza Mama Eva atarudi lini. Nikasema jua ni kali. Kulikuwa na ukungu.

Sasa nimeelewa. Tatizo langu si maua. Tatizo langu ni mahali pa kuketi.

Jumatano, 11 Juni

Nimemvizia Lilian, binti anayewatembeza wageni wa hoteli moja ya hapa Karatu. Nilisimama nyuma ya mgomba wa Inosenti mpaka alipotoka. Alishtuka, lakini aliniamkia vizuri. Amekubali kuwaleta wageni wake kwangu Jumamosi asubuhi, wakitoka kwa Inosenti, mradi kuwe na mahali pa kujikinga na manyunyu. Nilimwomba jambo hili lisimfikie Inosenti. Akasema, sasa Mwalimu, bustani ikiwa siri ataitembelea nani? Vijana hujibu kabla ya kufikiri.

Nimechoka miguu. Nimekula ugali na chumvi. Sufuria ya maharage imeungua tena.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwa Wilson, mkodishaji wa maturubai na viti. Nilimwambia aje jioni, alifunge turubai uani kimya kimya, na asiniulize kazi yake. Wilson akavua kofia. Sikutegemea adabu hiyo kwake.

Aliuliza Mama yuko wapi. Nikasema yuko Qurus. Aliuliza kwa sauti ya chini ilikuwaje. Nikamwambia chanzo ni ng'ombe, na sipendi kulizungumza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akauliza kama sufuria kubwa nazo zije. Nikasema zije, watu watataka chai. Malipo, akasema, tuyaache kwanza, Mwalimu, hayo si mambo ya leo.

Turubai limefungwa. Limekaa vizuri, kati ya mawaridi na dalia. Nimezima simu ili nikariri hotuba ya kuwakaribisha wageni. Kesho Marsela atasikia kwamba watu wameingia.

Jumamosi, 14 Juni

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Alfajiri niliamshwa na kishindo cha kuni zikitupwa uani. Nilipochungulia nikawaona akina mama wa jumuiya wamejifunga kanga, wana unga, maharage na maji. Nilijua majirani zangu ni watu wema. Sikujua wanapenda maua kiasi hicho.

Nilivaa suti nyeusi, nikatoka. Kila mtu alinipa mkono, akasema pole, Mwalimu, tumesikia. Hapo nikang'amua: Inosenti amewatangazia kwamba mke wangu ameniacha. Niliona aibu, lakini nikajikaza.

Angela, mwenyekiti wa jumuiya, aliniuliza kama Mama Eva aliteseka. Nilijibu kwamba kwa maelezo yake mwenyewe, aliteseka miaka yote ya ndoa. Aliniuliza kama ni kweli kwamba ni yule ng'ombe. Nikasema ni yuleyule, na mimi tangu mwanzo sikumpenda. Aliniuliza Mama Eva analetwa saa ngapi. Nikasema haletwi, ila akisikia watu wametazama maua huenda akaja mwenyewe. Angela aliniangalia, akanitilia sukari nyingi kwenye chai, akawaambia wenzake wasiniache peke yangu.

Watu wakazidi kuja. Viti vikajaa. Walikaa kimya, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, walitazama maua. Nilikuwa na furaha niliyoona vyema kuificha.

Akasimama Senteu, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Loliondo, aliyekuwa Karatu kwa ajili ya mnada. Nilimfundisha darasa la sita. Alisema kwamba alipokuwa mtoto akikaa mbali na kwao, Mama Eva alikuwa akimpa maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi kupitia dirisha la jikoni, yeye na wenzake. Akaketi. Mimi sikujua habari hiyo. Miaka yote niliona maziwa yakipungua nikidhani ni paka. Ilikuwa hotuba nzuri, ingawa haikugusa maua.

Ndipo akaingia Inosenti. Alinikumbatia, akalia begani kwangu, akailoanisha suti. Alisema wageni wa asubuhi walipotoka tu, amefunga geti lake. Hawezi kuonyesha watu rozi na jirani yake amefiwa. Nikamuuliza nani amefiwa. Akasema, wewe. Nikamuuliza nimefiwa na nani.

Gari la Lilian lilikuwa limesimama getini, na Inosenti, kwa wema kabisa, alikimbia kuwaeleza wageni kwamba hapa pana msiba. Wazungu wakavua kofia. Mama mmoja akaweka shada getini, wakaondoka taratibu. Lilikuwa shada la dalia. Dalia za Inosenti.

Gari lao lilipishana na pikapu kutoka Qurus. Nyuma yake alikuwa Marsela, analia. Huko Qurus walikuwa wamesikia tu kwamba nyumbani kwa Mwalimu kuna turubai, na simu yangu haipatikani. Alishuka akiuliza kwa sauti kuu ni nani sasa atamwambia birika halikai pale, ni nani atakayemsumbua.

Watu walimwona marehemu akishuka kwenye pikapu. Viti vilianguka. Angela alipiga magoti. Marsela akaniona, akafuta machozi. Alitazama turubai, sufuria, watu, kisha maua, kisha mimi. Nilijua inanipasa kusema jambo. Kichwani nilikuwa na hotuba moja tu.

Nilisema: “Karibuni katika bustani yetu. Tafadhali msiguse maua.”

Hakuna aliyeondoka. Chakula kilikuwa kimeshaiva.

Jumapili, 15 Juni

Katekista ametangaza kanisani kwamba hakuna aliyefariki. Watu walicheka. Mimi nilitazama mbele.

Marsela amelala chumba cha Eva. Ng'ombe ameletwa asubuhi, na wakati nikiwa kanisani amekula dalia zote za upande wa barabara.

Nimemkumbusha Marsela sharti lake: watu wameingia, kwa hiari yao, wakatazama. Akasema walikuja kuomboleza. Nikasema Angela ameomba mche wa waridi. Nikamkumbusha pia kwamba amenililia mbele ya kata nzima. Akasema machozi hayo ananidai.

Anataka maua yang'olewe mpaka kwenye mfereji na matete yarudi. Nimekubali kwa kichwa, si kwa mdomo. Akasema atafikiri kama atakaa au atarudi Qurus, na kwamba safari hii asisikie tena habari ya wageni.

Jioni nimepita kwa Wilson. Nimegundua kwamba kosa la jana lilikuwa turubai: lilikuwa dogo. Jumamosi ijayo alete lile kubwa, jeupe, alifunge usiku, asimwambie mtu. Nimemwomba anitafutie na kwaya. Wilson akavua kofia, akaniuliza safari hii ni nani. Nikamwambia hayamhusu.

Sasa Marsela ametoka kukamua, anachemsha maziwa. Ameliweka birika mahali pasipo pake. Nimemweleza.

Ameendelea kukoroga maziwa. Akishaamua kama anakaa, nitaandika.