Kitufe cha Jagi

Jumatatu, 8 Aprili

Roswitha ameondoka saa tatu asubuhi kwenda kutibiwa goti kwenye mji wa maji moto. Wiki tatu. Nilimbebea sanduku hadi kituoni, nikampungia mkono mpaka treni ilipokata kona. Nilihuzunika kweli. Kisha nikarudi nyumbani haraka.

Kabla ya kuondoka aliniita jikoni, akafungua menyu ya mashine ya kahawa. Ndani kabisa, baada ya lugha na saa, kuna tarakimu ambayo sikuwahi kuijua: idadi ya vikombe vyote ilivyotengeneza tangu tuinunue. 4,116. Akaiandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji. Chini yake: siku 21, kila siku vikombe 2 alivyoruhusu Daktari Bühler, jumla 42. Akirudi anataka kukuta 4,158. Ikizidi hata kwa kimoja, mashine inahamia kwa kaka yake, Volkmar.

Nikamwambia naona haniamini. Akasema ananiamini sana mzee wangu, ndiyo maana ameandika kwa wino.

Moyo wangu hauna ugonjwa. Unarukaruka kidogo tu, kama wa kijana.

Leo vikombe sita. Nimeanza vibaya, lakini siku bado nyingi.

Jumanne, 9 Aprili

Volkmar amepita, eti kunijulia hali. Alikuwa na futi ya chuma mfukoni! Akapima mashine kimo, upana na kina, kisha akafunua kifuniko cha punje za kahawa akapima tena. Akaandika kwenye kiganja. Kwake rafu imepungua sentimita mbili, lakini Jumamosi ataukata ubao wa juu.

Nikamwuliza nani kamwambia habari hizi. Akasema, “Shemeji, mimi sina haraka. Wewe kunywa tu.” Halafu akabonyeza kitufe kwa mkono wake mwenyewe, akaniwekea kikombe mbele yangu, akaaga.

Ningekimwaga? Kahawa nzuri?

Vitano leo. Jumla kumi na moja kwa siku mbili. Nimezidisha saba.

Jumatano, 10 Aprili

Miaka thelathini na minane nilikuwa mkaguzi wa vipimo kiwandani. Najua jambo moja: kila kitu kinachohesabu kina mlango wa nyuma. Ni kuutafuta tu kwa utaratibu.

Nimeanza kusoma kijitabu cha mashine, kurasa 86. Majaribio ya leo:

Kuchomoa waya. Saa imepotea, tarakimu imebaki.

Kuchomoa waya kahawa ikiwa inatoka. Nusu kikombe, meza imelowa, tarakimu imebaki.

Kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Mashine ikaanza kusema Kipolandi. Saa nzima kuirudisha Kijerumani. Tarakimu imebaki.

Kisha ukurasa wa 61. Kitufe chenye picha ya jagi, ambacho hatujawahi kukigusa. Ukikibonyeza mara moja, mashine inasaga mara nne mfululizo na kutoa nusu lita nzima. Nikaweka chini yake chupa ya chai ya Roswitha. Nikabonyeza. Nikaenda kwenye menyu.

4,128. Imeongezeka moja. Moja!

Nilikaa nikatazama nje muda mrefu, nimetulia kama mtu aliyemaliza kulipa nyumba. Mpango: jagi moja kwa siku mpaka Jumanne ijayo, hapo vile saba vya ziada vitakuwa vimefutika. Baada ya hapo majagi mawili kila siku, asubuhi na alasiri. Sheria inasema mawili. Nitaiheshimu sheria.

Alhamisi, 11 Aprili

Hatari, kisha wokovu.

Saa nane mchana kengele ya mlango. Bibi Pfisterer wa ghorofa ya chini, ndala miguuni, wavu kichwani. Jiko letu liko juu ya chumba chake cha kulala. Akanikumbusha kwamba kuanzia saa saba hadi saa tisa ni muda wa utulivu, imeandikwa kwenye kanuni za nyumba, nami nimetia sahihi. Na mashine yangu imenguruma. Si mara moja. Mara nne. Amehesabu akiwa amelala chali.

Akauliza kama nina wageni. Nikasema sina. Kosa!

“Sasa Bwana Schwenk,” akasema, “mashine ya mtu mmoja inanguruma kwa ajili ya watu wanne, kwa nini?”

Yeye na Roswitha huanika nguo pamoja kila Jumanne. Swali kama hilo likifika kwenye kamba za nguo, nimekwisha. Nilitazama huku na huku nikitafuta la kusema, macho yakaangukia droo ya machicha ya kahawa. Kwa kila kikombe mashine hukandamiza machicha yake kuwa kidonge cha duara, kikubwa kama biskuti, na kukiangusha humo. Droo ilikuwa imejaa. Nikamwuliza mawaridi yake yanaendeleaje mwaka huu.

Uso wake ukabadilika palepale. Yanaendelea hivyohivyo, akasema, udongo umechoka. Nikamwambia machicha ya kahawa ndiyo chakula chake. Nikampa mfuko wenye vidonge vyangu vyote kumi na tisa, nikaahidi kumletea kila siku. Akaondoka ameukumbatia kama mtoto mchanga.

Mdomo umefungwa, na machicha yametoka nyumbani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Roswitha hukagua pipa la taka za jikoni. Yote mawili kwa mfuko mmoja! Kuanzia sasa jagi la alasiri ni saa tisa na dakika moja.

Jumapili, 14 Aprili

Roswitha amepiga simu. Goti linakunjika vizuri zaidi, chakula hakina chumvi, mwenzake wa chumbani hazimi taa usiku. Kisha akaniuliza tarakimu.

Nikasema kweli tupu: 4,132. Nikakiri kwamba siku mbili za mwanzo nilishindwa, lakini tangu Jumatano nabonyeza mara moja tu kwa siku ili nirudi kwenye mstari. Kila neno kweli!

Akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nistaafu kwamba anajivunia mimi, na kwamba anajua si rahisi.

Baada ya simu nilijisikia vibaya kidogo. Ilipita nilipofika kikombe cha tatu cha jagi.

Jumatano, 17 Aprili

Ziada imefutika. Leo majagi mawili. Vikombe vinane, tarakimu imeongezeka mbili tu.

Kibao cha zamu ya kufagia kimetundikwa mlangoni kwetu wiki hii. Nimefagia ngazi asubuhi, nikapiga deki, nikafagia tena, nikang'arisha visanduku vya barua vya wapangaji wote, nikafagia hadi barabarani. Bibi Pfisterer anasema hajawahi kuona ngazi zikifagiwa kwa kasi ile, na je, nimepatwa na jambo?

Mwandiko wangu leo unayumba. Kalamu mbaya.

Jumamosi, 20 Aprili

Taa nyekundu. Mashine inadai kusafishwa chokaa.

Roswitha aliisafisha siku moja kabla ya safari. Kwa vikombe viwili kwa siku ingetosha hadi Juni. Lakini mashine haipimi vikombe kwa jambo hili, inapima maji yaliyopita. Sikuliona kwenye kijitabu kwa sababu liko ukurasa wa 62, nami niliishia 61.

Nikaenda dukani kununua dawa ya chokaa. Na nani yuko mbele ya rafu hiyohiyo, kikapu mkononi? Volkmar! Anainunulia dawa mashine ambayo bado si yake. Tukatazamana kila mtu na chupa yake.

“Tayari, shemeji?” akauliza.

Nikasema ni ya birika. Akasema birika husafishwa kwa siki, hata mtoto anajua. Nikasema birika langu ni la aina ya pekee. Akaniomba nimsalimie birika langu.

Nimesafisha mashine. Chupa ya dawa ya Roswitha nimeijaza mpaka alipokuwa ameiacha, nimepima kwa rula. Taa imezimika. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, 25 Aprili

Bibi Pfisterer ameniletea keki ya rubabu, mmea wenye mabua machachu. Anasema mawaridi yametoa machipukizi mekundu, jambo ambalo halijatokea tangu mumewe afariki, na kwamba mimi ni mtu tofauti kabisa na nilivyosemwa. Sikuuliza nilivyosemwa.

Akataka nishuke nione bustani. Nikamwambia siku nyingine. Maua hayanihusu, na jagi lilikuwa linasubiri.

Keki nzuri sana pamoja na kahawa.

Jumapili, 28 Aprili

Jagi la mwisho saa tisa na dakika moja. Nimefungua menyu. 4,158.

Nimeosha chupa ya chai kwa magadi mara tatu, nimepangusa mashine, nimeshusha mfuko wa mwisho kwa Bibi Pfisterer. Nimemweleza Volkmar kwa simu kwamba anaweza kuurudisha ule ubao kwenye rafu yake. Akasema ameshaukata. Nikampa pole.

Usingizi hauji. Wiki mbili sasa haujaja. Nadhani ni furaha.

Jumatatu, 29 Aprili

Amerudi saa nane mchana, anatembea bila fimbo. Koti hajavua, akaenda kwenye menyu. 4,158. Akatazama karatasi. Akatazama tena tarakimu. Akanibusu kwenye paji la uso!

Akasema amezungumza na daktari wa kule. Kwa kuwa nimeweza kujizuia, nimeruhusiwa kikombe cha tatu siku za Jumapili, nacho tutakinywa wote wawili, tumekaa, bila haraka. Macho yake yalilowa. Yangu pia.

Kisha akafanya lile analofanya kila arudipo nyumbani, hata akitoka dukani: akafungua dirisha wazi kabisa ili hewa ya chumba ibadilike. Akainama kutazama chini.

Akakaa hivyo muda mrefu.

Nikasogea. Sikuwahi kuitazama bustani ile. Nilidhani mtu akipewa machicha huyavunjavunja na kuyachanganya na udongo. Bibi Pfisterer hakuvunja hata kidonge kimoja. Alivipanga vizimavizima kuzunguka kila mti wa waridi, kwa nafasi sawa, kama sahani za wageni wa harusi.

Naye alikuwa hapo chini na kopo lake la maji. Akapaza sauti, karibu nyumbani Roswitha, una mume wa dhahabu! Miti kumi na mitano, kila mmoja vidonge tisa, hakuna uliopunjwa.

Roswitha alikuwa mshonaji. Hesabu za kuzidisha huzifanya akiwa na pini mdomoni. Akasema polepole, “Mia moja thelathini na tano.” Nikasema pengine mashine imeanza kutoa vidonge vidogovidogo. Akaenda jikoni, akatazama vitufe kimoja kimoja, akabonyeza chenye jagi.

Ikanguruma. Ikanguruma. Ikanguruma. Ikanguruma.

Kutoka chini Bibi Pfisterer akapiga kelele kwamba saa tisa bado haijafika.

Roswitha akamimina nusu lita yote kwenye sinki. Hakugomba. Afadhali angegomba. Akaniambia tu kwamba kule kwenye maji moto alikuwa na mwenzake wa chumbani aliyelala macho kila usiku akimngoja mume wake aliyefariki mwaka jana kwa ugonjwa wa moyo. Kisha akachukua simu, akamwita Volkmar.

Ijumaa, 3 Mei

Mashine ilikwenda Jumanne. Nilisaidia kuibeba. Iliingia kwenye rafu kama imezaliwa humo. Roswitha alimkabidhi Volkmar na ile karatasi ya friji, ameandika upande wa pili 4,159. Sijui ya nini. Volkmar hata menyu haijui.

Siku tatu nimefikiri kwa kina juu ya yote yaliyotokea, na nimeona kosa langu. Roswitha yuko sahihi: nahitaji mazoezi. Kwa hiyo nimejitolea, kwa upendo wa kindugu, kufagia ngazi za Volkmar kila zamu yake ifikapo. Anakaa ghorofa ya nne na anachukia ufagio. Mchana yuko kazini. Amenipa ufunguo ili nichukue maji ya kupigia deki. Roswitha amefurahi, anasema ngazi zitaufaa moyo wangu.

Leo nimeanza. Ngazi zinang'aa. Kitufe cha jagi kinafanya kazi vizuri hata kule.

Vidonge sikuweza kuviacha kwenye droo ya Volkmar, mimi si mjinga. Nimeongea na Bibi Pfisterer, safari hii atavifukia. Vinne vya leo vimo mfukoni mwa koti la kijivu, nimevifunga kwenye leso. Ningevishusha jioni, lakini koti silioni msumarini. Roswitha amelichukua. Anasema limejaa vumbi la ngazi, atalifua kesho asubuhi.

Mke mwema sana.