Turubai la Kiwanda cha Sabuni

Jumatatu, 3 Juni
Nimekuwa mkurugenzi! Nimejiteua mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga. Kiwanda cha zamani cha sabuni kitakuwa nyumba ya sanaa. Paa limetoboka, mbuzi wanalala ofisini, ila kuta ni imara. Ni kweli aliyekiomba kwa mwenye kiwanda ni Mama Fidélie, mshonaji, anayetaka mahali pa kufundishia wasichana. Lakini Mama Fidélie hana tai. Mimi ninayo.

Mke wangu Mwadi anajali jambo moja tu. Kaka yake Kalumba ameacha kuchimba kobalti katika mgodi wa Mutoshi na sasa anasuka wanyama kwa nyaya za shaba. Mwadi anataka apate kazi hapo, asiingie shimoni tena. Nimeapa mbele ya mama yao kwamba itakuwa hivyo.

Jumatano, 5 Juni
Kalumba amemaliza kiboko mkubwa kuliko meza yetu. Kinywa wazi! Nilicheka peke yangu ukumbini.

Mama Fidélie anataka milango iwe wazi, majirani waje kutusaidia kutoa takataka. Hana maono. Kitu kizuri hufichwa mpaka meya akate utepe. Nimezungusha turubai la bluu ukumbi mzima. Akaniuliza: “Tata Mwenze, weye ulizaliwa Kolwezi, ao ulishuka na treni jana?” Wivu huo.

Ijumaa, 7 Juni
Mjini kwetu mtu akizungusha turubai, anachimba kobalti ndani. Kila mtoto anajua. Nami najua, ila nilidhani wataniheshimu kwa kuwa ni mkurugenzi.

Asubuhi nimekuta wachimbaji langoni, wana makoleo na magunia. Nikawaambia hapa ni sanaa tu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akasema: “Tata, tuko bantu bakubwa, usitudanganye. Utuonyeshe tu mulango.”

Jumamosi, 8 Juni
Wameingia kwa nguvu na kuvunja sakafu. Na madini yapo! Jiwe jeusi, zito, chini ya mapipa ya sabuni. Mama Fidélie alitaka tumwite mkuu wa mtaa awafukuze leo leo. Nikasema taratibu, Mama. Wachimbe upande wa nyuma, watuletee mabati ya paa. Sanaa juu, madini chini! Sijui kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuwaza hivi.

Lakini wanahitaji mtu anayejua kutegemeza kuta za shimo kwa magogo. Kalumba anajua. Alikataa. “Shemeki, mi nilitoka mu shimo. Sirudie tena.” Nikamwambia ni kuangalia tu, kwa ajili ya paa la wanyama wake. Akaniangalia sana. Kisha akavua viatu vyake vizuri, akanipa nimshikie.

Tumekubaliana Mwadi asijue.

Jumatatu, 10 Juni
Sakafu imeanguka.

Nilikuwa nje natafuta mahali pa kutundika kibao. Ardhi ilitikisika, vumbi likatoka madirishani. Wachimbaji walitoka wakikohoa. Kalumba hakutoka. Mama Fidélie na wasichana walichimba kwa sufuria na kwa mikono. Nami nilichimba. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kupoa.

Mwadi alikuja. Akauliza nani alimteremsha. Nikaanza kueleza habari ya mabati. Akauliza tena, nani. Naumia, naumia kweli. Kalumba alikuwa mtu mpole, na alinipenda bila sababu.

Ijumaa, 14 Juni
Mazishi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, sikupewa nafasi. Mwadi amehamia kwa mama yake na hataki hata nipite barabara ile. Kiwanda kimefungwa, cherehani za Mama Fidélie zimebaki ndani, wasichana wanashonea chini ya bati la jiko lake. Hakunilaumu. Hakunisalimu pia.

Aliyenipa mkono ni mmoja tu: Mulumba, mdogo wake Kalumba, mchimbaji wa mgodi wa Mashamba. Analia kama mtoto. Ana mikono mipana, hodari.

Jumapili, 16 Juni
Sikuweza kukaa katika nyumba tupu. Nimekwenda Tenke kutembea, na nje ya mji nimeona karakana iliyoachwa. Kuta nzima! Paa zima! Kiwanda kile kilikuwa na kasoro tangu mwanzo, sasa naona wazi: sakafu ilikuwa nyembamba. Hii ni nene. Wenyeji wanasema chini yake huenda kuna kitu kidogo, lakini sanaa ndiyo lengo.

Nimempigia Mulumba. Amesema atakuja, kwa heshima ya kaka yake. Nimemwambia aje na koleo.