Mwavuli wa Bi. Tatu

Jamani, nimeaibika leo mpaka natamani kuhama Temeke.

Wiki iliyopita, kwenye mkutano wa nyumba kumi, nilisimama kumsema Bi. Tatu, jirani na mtani wangu, kwa kuja kuchimba mtaro wa shule na mwavuli uliokunjuliwa mgongoni, kaufunga kwa kanga. Nikasema, "Mwavuli ni wa mabwanyenye!" Makofi! (Nikajiona kiongozi.)

Juzi baridi yabisi ikanikamata magoti. Daktari akanipa vidonge, akanionya: "Mzee, dawa hii na jua havipatani. Utaungua ngozi. Kaa kivulini."

Kivulini! Siku ya kujitolea! Niitwe kupe, mimi?

Leo asubuhi nikameza vidonge, nikabeba jembe. Tena nikavua shati nikabaki na singlendi, wanione. Magoti hayaumi hata kidogo. Nikachimba huku naimba.

Saa nne shingo ikaanza kuwasha. Saa tano mabega yanawaka kama yamepakwa pilipili. Nikajikaza. (Kiongozi hajikuni hadharani.) Saa sita uzalendo ukanishinda. Nikatupa jembe, nikakimbia, nikajitumbukiza kwenye pipa la maji.

Maji ya kunywa. Ya watu wote.

Na nikakwama! Wanaume wanne walinivuta. Uso umevimba, mikono imejaa malengelenge. Akina mama wenye vikombe wananitazama tu.

Bi. Tatu akasogea. "Mtani, unameza vidonge vya nini?"

"Vya magoti."

Akaninyooshea vidole vyake, vimepinda vyote. "Na mie nameza hivyohivyo, mwaka wa tatu huu. Ulidhani mwavuli nauchukulia maringo?"

Mwaka wa tatu! Na vidole vile! Nikaangalia sehemu aliyochimba: ndefu kuliko yangu. Nawaambieni kweli, sijapata kumheshimu mtu namna ile.

"Sasa mbona hukunijibu mkutanoni?"

"Ningekujibu saa ngapi? Nilikuwa nawaza mtaro."

Kisha akaufungua mgongoni mwavuli wake, mwekundu, wenye maua, akaniweka chini yake, tukapita mtaa mzima. Kila aliyemsalimu, Bi. Tatu alisimama kumjibu. "Marahaba mwanangu. Nampeleka bwanyenye wangu nyumbani."

Nimelala hapa nimepakwa dawa mwili mzima, mweupe kama mzimu. Jumapili ijayo narudi mtaroni, na mwavuli nimeshaazima. Atakayecheka, namnyima kivuli.