Makopo Mawili Ndani ya Boti

Jumamosi. Aibu yangu ilianza saa nne asubuhi. Leo nimeumbuka, tena mbele ya wakwe wa dada.

Dada Mwanahawa alikuwa aolewe baada ya alasiri, kwa bibi, Gwata, ng'ambo ya mto Ruvu. Shangazi Tatu ndiye aliyemtwangia singo ya kumsugua: liwa, dalia, karafuu, maji ya waridi. Akaitia kwenye kopo la kakao, akanikabidhi mimi. "Ukilipoteza hili, usinijue."

Tuliazimwa boti ya bwana shauri, mkubwa wa wilaya, ile yenye mashine nyuma. Dereva, Mzee Kasimu, ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo. Akisema lolote, hatuna ruhusa ya kukasirika. Kabla hatujaondoka akanipa kopo la grisi nimshikie. Nalo la kakao. (Makopo hayo yamejaa kila nyumba. Kakao yenyewe sijui aliinywa nani.)

Katikati ya mto usukani ukawa mgumu. Kulia unakwenda, kushoto unagoma.

"Mtani, sogea katikati," Mzee Kasimu alimwambia shangazi. "Umeinamisha mali ya serikali."

"Inamisha kichwa chako, uendeshe."

Lakini alisogea. Wapi. Mzee akazima mashine, akatazama kama majani yamejisokota kwenye panga la mashine, chini ya maji. Hamna. Basi akasema ni grisi ya zamani, imekauka kwenye shingo, pale mashine inapogeukia.

"Mjukuu, pakaza hapo. Usibanie."

Nikafungua kopo moja. Ndani, rojo zito la kahawia. Nina mafua tangu juzi, sisikii harufu hata ya vitunguu. Ningeuliza ni lipi, lakini mimi kuuliza mbele ya watu wazima naona bora nitumbukie mtoni. Nikapakaza kopo zima.

"Mtani, leo unanukia," alisema Mzee Kasimu.

Shangazi akaweka ushungi wake sawa. Alipendezwa, nilimwona.

Usukani ukalainika. Kidogo tu. Jua likapiga, rojo likakauka, usukani ukaganda umeelekea upande mmoja. Boti ikaanza kuzunguka. Ukingoni walikuwa wanawake wa upande wa bwana harusi, wakadhani tunawachezea ngoma. Wakapiga vigelegele. Kila tulipozunguka, vigelegele. Shangazi akawapungia mkono. (Angefanyaje?)

Mwisho mzee alizima mashine, tukasukumwa kwa upondo hadi ukingoni.

Chumbani kwa dada shangazi akafungua kopo lililobaki. Akachovya kidole. Akanusa. Akanitazama mimi.

"Hii nini?"

Mafua na machozi vilikuwa vimeshachanganyika.

Dada, ambaye hakutakiwa kusema neno siku nzima, akafunua kanga usoni. "Shangazi, mimi naolewa au natengenezwa?" Akacheka mpaka kitanda kikalia. Wakwe mlangoni wakasikia yote.

Shangazi hakucheka. "Kaleteni kinu."

Nilitwanga mimi, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ndoa ikafungwa jua linazama. Dada alinong'ona kwamba singo yangu ni laini kuliko ya shangazi. (Najua ananionea huruma.)

Jumapili. Asubuhi nilishuka mtoni na maji ya moto na brashi, nikasugua shingo ya mashine mpaka usukani ukageuka pande zote mbili. Kisha nikamwuliza Mzee Kasimu mara mbili, kwa sauti, kama hii ndiyo grisi. Ndiyo. Nikapaka.

Anasema bado inanukia kama bi harusi. Na kesho bwana shauri anasafiri nayo. Namwombea mafua.