Harufu Iliyokwisha Kulipiwa

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba, tangu Kamati ya Kudumu ya Utulivu wa Wageni Hotelini ianze kazi, hakuna mgeni hata mmoja aliyehama hoteli kwa sababu ya hatari. Mafanikio haya yametokana na mwongozo wetu mmoja tu: chumba kikishalipiwa, hela hairudi. Zamani wageni walikuwa wakiona hatari kila mahali, mara waya uko wazi, mara kitasa hakifungi. Siku hizi wanaona mito na mashuka. Mtu akishajua hela yake hairudi, hata pua hushika adabu.

Mimi ni katibu wa kamati hiyo. Naandika haya kwa sababu kuna watu wenye midomo mirefu wanaosema Mkuu wetu wa Idara alikwama hotelini. Hakukwama. Alikuwa katika ziara ya kikazi ya kukaa.

Mambo yalianza na mama mmoja, mke wa fundi viatu. Mumewe alikuwa akingoja kupasuliwa kifua katika hospitali ya mtaa wa pili, wakalipia wiki nzima kwenye hoteli ya karibu ili mzee asihangaike njiani. Hita ya maji bafuni ilikuwa inavujisha gesi. Mzee akaanza kukohoa, na daktari akawaambia wazi kwamba kikohozi kisipotulia, hatampasua. Mama akashuka mapokezi kuomba hela yake wahamie kwingine. Akaelekezwa kwetu.

Nilikwenda mwenyewe kukagua. Kamati yetu hukagua kwa kuuliza. Vifaa vina gharama, tena vina tabia mbaya ya kuonyesha vitu.

"Mama, humu kuna aliyekufa?" nikamuuliza kwa upole.

"Bado."

"Basi hakuna tatizo."

"Mwanangu, hebu ingia hapo bafuni uvute pumzi."

"Sina mamlaka ya kuvuta pumzi, mama. Mimi ni wa utawala."

Akanitazama kama mtu anayetazama nguo iliyochujuka. Jioni akamsimulia mwandishi wa habari aliyekuwa akinywa chai ukumbini chini, na asubuhi picha ya mzee akikohoa ikawa ukurasa wa mbele.

Mkuu wa Idara hakubali kuchafuliwa jina. Alifika hotelini na kamera nyuma yake. "Nitalala chumba hichohicho," akatangaza, "wiki nzima, watu waone kuwa ni salama." Tukapiga makofi. Hapo ndipo mama alipoinua mkono.

"Na sisi tulale wapi, mheshimiwa? Hoteli imejaa, chumba tumekilipia, na hela hairudi."

Kamera zikamgeukia Mkuu, naye mbele ya kamera hajiwezi. "Nendeni mkalale kwangu," akasema. "Nyumba ni yenu."

Hata chai aliyoagizia chumbani haijapoa, akanipigia simu.

"Katibu, humu kuna gesi."

"Kwa mujibu wa mwongozo, mheshimiwa, hiyo ni harufu."

"Nitoe."

"Ukitoka kabla ya wiki kuisha utakuwa umetangaza hatari. Waandishi wamejaa hapo mlangoni."

"Basi futa huo mwongozo."

"Unafutwa na kikao, mheshimiwa. Mwenyekiti ni wewe, na lazima awepo kwenye ukumbi wa Idara."

Nilimwonea huruma, nasema kweli, lakini huruma haimo katika muundo wa Idara.

Kuanzia hapo aliongoza Idara akiwa dirishani, kiwiliwili nje na miguu ndani, akipungia wapita njia. Tulitoa taarifa kwamba amejisogeza karibu na wananchi. Kule kwake, mzee alilala chumba chenye madirisha manne, mke wa Mkuu akampikia supu kwa mkono wake, kikohozi kikaisha. Daktari akakubali kumpasua.

Siku moja kabla ya upasuaji nilitumwa nyumbani kwa Mkuu kuchukua soksi. Nilimkuta mama barazani akimnyoa mumewe ndevu. Simu yake ikaita, na kwa kuwa mikono ilikuwa na povu, akaiweka spika.

"Mama," sauti ya Mkuu ilikuwa inakwaruza. "Rudini chumbani kwenu leo hii. Nitawaambia waandishi mmekikumbuka chumba chenu. Na hela yote nitawarudishia kutoka mfukoni mwangu."

Mama akamtazama mzee, aliyekuwa amefumba macho, kifua kikipanda na kushuka bila kukwama. Akapangusa wembe.

"Mheshimiwa, huko kuna aliyekufa?"

Tulisikia kikohozi kirefu.

"Bado."

"Basi hakuna tatizo," akasema mama, akakata simu kwa kiwiko, akaendelea na shavu la pili.

Kwa mujibu wa mwongozo, jibu lilikuwa sahihi. Nikachukua soksi nikaondoka.