Ngazi ya Pili, Si Zaidi

Jumanne, 5 Novemba
Simu kutoka manispaa. Ijumaa anakuja mkaguzi, Bi Kuwabara, kumpima mke wangu Sumie anahitaji matunzo kiasi gani. Ngazi ziko tano. Nimekaa na chai yangu nikazipigia hesabu. Ya kwanza haitoshi: watatuletea mtu wa kufagia, na kufagia najua, nimekuwa kinyozi maisha yangu yote. Ya tano ni ya wasioinuka kitandani. Ya tatu ndiyo yenye hatari. Ukifika hapo, nyumba ya wazee inakufungulia mlango, na binti yetu Yoriko, kule Osaka, ameshakishika kitasa.

Ninayoitaka ni ya pili. Wanakuja, wanamwogesha, wanaondoka, yeye anabaki hapa na mimi. Mgongo wangu hauwezi tena kumtoa kwenye hodhi. Hilo Yoriko halijui, na halitamfikia.

Jumatano, 6 Novemba
Jirani Hirobumi kaniletea machenza, yaani kaja kuringa. Mkewe kapewa ngazi ya nne. Anaitamka kama cheo cha mieleka. Akaniuliza wangu anatarajia ngapi. Nikamwambia sisi si watu wa makuu. Akacheka. "Ngoja uone, Kamada. Siku ya mkaguzi wote wanapona. Wangu nusura acheze ngoma."
Majivuno matupu. Machenza yenyewe machachu.

Alhamisi, 7 Novemba
Mazoezi. Mpango: ajibu sawa maswali mengi, akosee machache, tutue palepale kwenye mbili. Nilimwomba akosee siku yake ya kuzaliwa. Alikataa kabisa. Alisema mama yake alipata taabu sana siku ile, kuisahau ni utovu wa adabu. Basi akosee majira. Akanionyesha kilima dirishani, machenza yameiva mpaka juu, akaniuliza ni mtu gani asiyeona kwamba ni vuli.
Nikafurahi mno. Nikapitiliza. Nikamuuliza, na mimi ni nani? Alinitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyetaka kumuudhi. Mazoezi yaliishia hapo.

Ijumaa, 8 Novemba
Balaa.
Sumie alisikia sauti ya mwanamke mlangoni, akawa mama mwenye nyumba. Alipiga magoti kwenye mkeka, akainama mpaka chini, akamkaribisha Bi Kuwabara kwa maneno ambayo sijayasikia tangu harusi ya Yoriko. Akaandaa chai bila kumwaga tone. Bi Kuwabara akaeleza kwamba kazi yake haimruhusu kupokea hata chai. Sumie akasema, "Usinitie aibu, mama. Mgeni wangu hatoki hapa na koo kavu." Anapika? Anapika kila siku. Kuoga? Mwenyewe. Usiku? Analala fofofo. Na kalamu inaandika tu. Niliiona sifuri inakuja. Sifuri!

Nikamsindikiza mkaguzi mpaka kwenye gari lake. Nilikusudia kumwambia mambo mawili, basi, ya kutufikisha kwenye mbili. Nikaanza na gesi iliyoachwa wazi. Nikaongeza usiku ule aliotoka na kandambili, nikamkuta kwenye kivuko cha reli. Kisha nguo zilizolowa, anazozificha kwenye droo ya mikasi yangu. Nikatafuta uongo kidogo wa kukoleza, nikakosa. Kila nilichoshika kilikuwa kweli. Mdomo ukakataa kufunga. Nikamwambia juzi nilimkata Sumie nywele, akanishukuru, akaniita Bwana Kinyozi, akaniuliza kama nina mke. Nikamjibu ninaye. Akasema nimsalimie sana.

Bi Kuwabara aliacha kuandika. Aliniuliza mimi nasaidiwa na nani. Nikasema sihitaji msaada, nikiwa nalia, barabarani, mbele ya Hirobumi anayejifanya anapogoa mti.

Jumanne, 10 Desemba
Barua imefika. Ngazi ya nne.
Hirobumi alikuja kunipongeza, uso umemshuka. Sasa tuko sawa naye.
Nilimpigia Yoriko, nikamwambia nitakata rufaa turudishwe kwenye mbili. Akasema: "Baba, umekonda. Shangazi alikupitia juzi, kaniambia suruali umeifunga kwa kamba." Nikamjibu ni mtindo. Hakucheka. Chumba kimepatikana kwenye nyumba ya wazee. Mama yake anahama Januari, tarehe kumi na tano. Nimekata simu kabla hajasikia sauti yangu inavyokuwa. Moyo unaniuma, sina cha kuupaka.

Jumanne, 14 Januari
Sumie anaondoka kesho. Lakini nimepata dawa. Chumba kilicho jirani na chake kule kiko wazi! Kinataka mtu wa ngazi ya tatu tu. Sasa kwa nini mtu huyo nisiwe mimi?

Asubuhi nilikwenda manispaa kuomba nipimwe. Dirishani nikamkuta Bi Kuwabara mwenyewe, bahati iliyoje. Nilimweleza kwamba miguu haina nguvu, mikono inatetemeka, na njia zinanipotea. Alinisikiliza kwa upole hadi mwisho. Kisha akauliza baiskeli iliyoegemezwa pale nje ni ya nani. Nikasema yangu. Nimekuja nayo kutoka nyumbani, kupitia kile kilima? Ndiyo, nikamjibu, tena bila kushuka.
Akaitazama baiskeli. Kisha akaniuliza, "Kesho utakuwa na nani, Mzee Kamada?" Nikamwambia asijali, mimi ni mzima kabisa.

Hitilafu ndogo. Mpango wenyewe hauna kasoro. Safari ijayo baiskeli naiacha nyuma ya duka la samaki, na Hirobumi ataniazima fimbo. Nitalenga tatu. Nne ni kujikweza.

Sumie ameliona begi mlangoni. Ameniuliza nani anasafiri. Nimemwambia sisi sote wawili, nikaenda kutafuta soksi zangu nikazitia juu ya zake.