Nilikwenda kuchora nyumba, nikaleta msiba

Leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima cha Kamuli. Nawaambia ninyi wanakwaya wenzangu wa zamani kabla hamjasikia kwa wengine, maana kila anayesimulia anaongeza lake.

Mnajua nimestaafu ukatekista. Msichojua ni kwamba tangu Pasaka najifunza kuchora kwa rangi za maji. Mjukuu wangu alisahau kiboksi chake nyumbani, nikajaribu, nikanogewa. Nilichora kwa siri. (Mzee aliyezika nusu ya kijiji hawezi kuonekana akichezea rangi za watoto.) Aliyejua ni mke wangu tu.

Sasa rafiki yangu Mzee Kamugisha ametoka hospitali majuzi, baada ya kuumwa sana. Tulimwombea kila jioni na Mungu akasikia. Jumapili anatoa shukrani kanisani. Nikaazimia kumpa zawadi: picha ya nyumba yake. Ila asijue mpaka siku yenyewe.

Asubuhi nikaenda kwake. Sikubisha hodi. Nikakaa irembo, pale njia inapoingilia uani. Kigoda nikakifanya meza ya rangi, mimi nikaketi chini juu ya majani makavu ya mgomba, nikajiinamia.

Rangi za maji hazitaki haraka. Unapaka, unapuliza, unasubiri zikauke. Nilipuliza mpaka mabega yakawa yanapanda na kushuka. Leso ilikuwa mkononi, nafutia brashi, nafutia na jasho usoni.

Akapita jirani, Ma Justa, jembe begani.

"Shikamoo, katekista. Kuna nini hapa?"

Nikafunika karatasi kwa kofia, nikainamisha kichwa. Kusema uongo sikutaka, na ukweli ulikuwa siri. Nikajifuta uso kwa leso. Akanitazama, akautazama mlango wa Kamugisha uliofungwa, akashusha jembe begani, akarudi alikotoka.

Nikamshukuru Mungu kwa kunipa majirani wasiodadisi.

Muda si mrefu akaja mzee mmoja na mzigo wa kuni. Akautua, akaketi chini kando yangu bila neno. Wakaja wanawake na mikungu ya ndizi vichwani, Ma Justa akiwemo. Nao wakaketi. Watu wakaongezeka, kila mmoja shavu kiganjani, ananitazama mimi. Nikasema moyoni: kumbe siri imevuja, na kumbe watu wa kwetu wanapenda picha kiasi hiki. (Nimefundisha miaka mingi kwamba kiburi hutangulia anguko.) Nikaondoa kofia, nikaendelea kupaka kwa madaha. Baadaye nimeambiwa walidhani naandaa maandishi ya msalaba, maana misalaba ya makaburi hapa huiandika mimi.

Ndipo ikaingia bodaboda kwa kasi. Alikuwa Adelina, binti wa Kamugisha aliyeolewa Kihanga. Hakungoja isimame. Akajitupa chini.

"Baba! Umeniacha na nani?"

Wanawake wote wakapokea kilio. Brashi ikanidondoka. Yaani Kamugisha amekufa, na mimi nimeketi nje nachora paa lake! Machozi yakanitoka. Nikasimama, na kwa mazoea ya kazi nikaanza sala ya marehemu kwa sauti, nikamtaja jina la ubatizo na la ukoo. Watu wakaitikia vizuri sana.

Mlango ukafunguka.

Kamugisha alikuwa na blanketi mabegani na kipande cha ndizi mkononi.

"Nani amekufa?"

Mleta kuni alikuwa ameshafika barabarani. Adelina mdomo wazi. Kisha, mmoja mmoja, wote wakanigeukia.

"Ni katekista," akasema Ma Justa. "Ndiye tuliyemkuta hapa."

"Mimi sijasema neno. Nilikuwa nachora."

"Unachora?" Ma Justa akang'aka. "Mzee mzima, chini kwenye majani, irembo kwa mgonjwa, hodi hujabisha? Tulipeleka habari mpaka Kihanga!"

Anayekaa hivyo hapa kwetu ni mfiwa, na desturi hiyo naijua kuliko wote waliokuwepo.

Kamugisha akaiokota karatasi. Machozi yangu yalikuwa yameidondokea, paa likatelemka hadi mlangoni.

"Na hii?"

"Nyumba yako, ndugu yangu."

Akaitazama sana. "Basi wamefanya vema kulia."

Mikungu haikurudi ilikotoka. Ilimenywa ikapikwa, na Kamugisha akala chakula cha msiba wake mwenyewe, akaomba kuongezewa. Adelina alikaa kando yake amemshika mkono, hamwachii. Mimi hasemi nami.

Nilipoaga, Kamugisha akaniambia, "Siku nikifa kweli, wewe usikae irembo. Hakuna atakayekuamini."

Msicheke, ndugu zangu. Picha ameitundika sebuleni, kichwa chini miguu juu, na kwa leo sikuwa na uso wa kumrekebisha.